Bia Nyeusi Mbele ya Mizani

Mgeni anayeketi kwa mara ya kwanza katika baa ya Temeke au ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, akiwa ametoka ng'ambo ya bahari, hushangazwa kuliko yote na swali aulizwalo na mhudumu kabla hajaenda kuleta kilichoagizwa: "Baridi au ya moto?" Ya moto ni ile iliyokaa ndani ya kreti nje ya jokofu ikapata joto la hewa ya mji, na wako wazee wa Tandika na Mwananyamala ambao katika umri wao wote wa kunywa hawakupenda kuigusa chupa inayotoka jasho la barafu. Wageni hulicheka swali hilo, na vijana wenyeji hulionea haya, wakidhani ni mabaki ya zama ambazo majokofu yalikuwa machache na umeme wa mashaka. Mimi naliheshimu. Katika kuonja na kuhukumu bia nyeusi yenye hopsi nyingi, ambayo ndiyo maudhui ya makala haya, hakuna jambo lipitalo joto la kinywaji kwa uzito, na mtu aliyezoea kuulizwa swali hilo kila jioni amekwisha kuvuka kizingiti ambacho waonjaji wa nchi za baridi hufundishwa kukivuka kwa vitabu.

Wako wasomaji wengi, hasa wa mwambao, ambao dini imewaepusha na vileo, na wako wengine walioepushwa na afya au hiari yao. Nao wote nawataka radhi, nikiwaomba waisome habari hii kama asiye nahodha asomavyo habari za pepo na mikondo ya bahari. Elimu ya kuonja haikai katika kilevi. Hukaa katika pua, ulimi na kumbukumbu, na yule ajuaye kuitenga kahawa ya Bukoba na ya Kilimanjaro, au asali ya Tabora na ile iliyozidishiwa maji ya sukari, tayari anayo.

Pota ni bia ya kahawia iliyokolea hata ikakaribia weusi, nayo ilizaliwa mjini London mwanzoni mwa karne ya 18, ikapendwa mno na wachukuzi wa mizigo wa mitaani na gatini, watu waliohitaji kinywaji cha kuwatia nguvu kwa bei nafuu, hata ikachukua jina la kazi yao. Ilikuwa miongoni mwa bia za kwanza duniani kupikwa kwa wingi wa kiwanda. Matajiri wake wakashindana kujenga mapipa makubwa ya kuilazia kwa miezi, na fahari hiyo ikazaa msiba tarehe 17 Oktoba 1814, pale pipa moja la kiwanda cha Meux, lenye kimo cha futi 22, lilipopasuka na kuachilia mafuriko ya pota yaliyobomoa kuta za nyumba za maskini wa St Giles na kuua watu 8. Miaka 3 baadaye, yaani mwaka 1817, Mwingereza Daniel Wheeler alipewa hataza ya chombo cha kukaangia kimea, pipa la chuma lizungukalo juu ya moto, la namna ile ile itumikayo kwa buni. Na tangu siku hiyo mpishi wa bia akawa na uwezo wa kuutumia ule mweusi kidogo kidogo, kwa kipimo, juu ya kimea cheupe kilicho kingi, badala ya kutegemea kimea kilichobabuka kwa moto wa kuni na kubahatisha.

Huko Dublin, Arthur Guinness alikuwa amekodi kiwanda cha St James's Gate mwaka 1759, naye baadaye akaacha bia nyingine zote akashika pota peke yake. Mwaka 1801 kiwanda chake kiliandika kanuni ya pota ya kupeleka visiwa vya Karibi, iliyoongezwa kilevi na kuongezwa hopsi, kwa kuwa ua la hopsi huwazuia vijidudu wachachushao bia, nayo safari ilikuwa ya majuma mengi katika bahari ya joto. Kanuni hiyo ndiyo mzazi wa Guinness inayouzwa Afrika. Kwa hiyo mtu aketiye Chang'ombe, karibu na kiwanda cha Serengeti Breweries, kampuni ipikayo Guinness ya nchi hii na ambayo tangu mwaka 2010 hisa zake nyingi zimo mikononi mwa East African Breweries ya Nairobi, anapoulalamikia uchungu wa pota ya kisasa yenye hopsi nyingi, ajue kwamba analalamikia ukoo wa kinywaji kile kile alichokishika mkononi. Uchungu ulitiwa humo kwa ajili ya watu wa nchi za joto, ijapokuwa hawakuulizwa.

Pota yenyewe ilififia. Uingereza ilikaribia kuisahau kabisa katikati ya karne ya 20, na Ireland ikaacha kuipika katika miaka ya 1970. Na katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Anchor ya San Francisco ikaifufua. Ufufuo huo ulikutana na jambo jingine: mwaka 1972 wakulima wa Marekani walipewa mbegu mpya ya hopsi iitwayo Cascade, yenye riha ya ganda la balungi na maua, na wapishi wa viwanda vidogo wakaanza kuitia katika kila kitu, pamoja na bia nyeusi. Hapo ndipo ilipotoka pota tunayoizungumzia, nyeusi ya Kiingereza iliyovikwa manukato ya Kimarekani. Siku hizi viwanda vidogo vimezuka hata kwetu, mfano Crafty Dee's hapa Dar es Salaam, Sierra na Bateleur huko Nairobi, na Banange huko Kampala. Lakini kazi zao ni nadra kuonekana katika grosari za Mbagala au Manzese, na pota za namna hii aghalabu hutufikia ndani ya begi la rafiki, zimefungwa kwa fulana.

Sasa tuitazame inavyoundwa, maana hakimu asiyejua jinai haiwezi kesi. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Hiki ndicho kimea, na msomaji aliyelelewa kwa togwa amekwisha kukijua, kwa kuwa utamu wa togwa hutokana na kimea cha ulezi au mtama kuugeuza wanga kuwa sukari katika uji wa vuguvugu. Mpishi wa pota hufanya hivyo hivyo, akatia sehemu ndogo ya kimea kilichokaangwa mpaka kikawa mfano wa buni ya kuungua, akachuja, akachemsha, akapoza, akatia hamira. Maji nayo yana hukumu yake. Maji ya London na Dublin yana chokaa nyingi, na kimea cheusi kina asidi inayoisawazisha chokaa hiyo, ndiyo sababu miji hiyo ilistawi kwa bia nyeusi wakati miji mingine ilistawi kwa nyeupe. Mpishi wa Dar es Salaam, atumiaye maji ya mto Ruvu au ya kisima chenye chumvi, hana budi kuyapima na kuyarekebisha kwanza.

Hopsi ni ua la mmea utambaao, upendao nchi ambazo siku za kiangazi ni ndefu mno. Kwetu, ambapo mchana na usiku hugawana saa 12 kwa 12 karibu mwaka mzima, hauoni sababu ya kuchanua vyema, na hata Afrika Kusini, walioko mbali na ikweta kuliko sisi, walilazimika kuzalisha mbegu zao wenyewe ili zistawi katika mashamba ya huko George. Ndani ya ua hilo mna vitu viwili ambavyo mwonjaji hana budi kuvitenga akilini. Kipo kinamo, ambacho hakiachi uchungu wake mpaka kichemshwe kwa muda mrefu. Na yako mafuta ya kunukia, ambayo yakichemshwa kwa muda mrefu hupaa na mvuke na kupotea. Mpishi anayetaka uchungu hutia hopsi mapema, anayetaka harufu hutia mwishoni au baada ya bia kupoa, na anayetaka vyote hutia mara mbili. Wachaga walifika kwenye haja hiyo kwa njia yao. Mbege, bia ya ndizi na ulezi, hutiwa gome la msesewe ili uchungu wake uukate utamu wa ndizi, na yeyote aliyekunywa mbege iliyokosa msesewe, jinsi inavyolala mdomoni kama uji, anajua bila kufundishwa kazi ya hopsi katika pota.

Tuje kwenye meza. Glasi iwe safi, na usafi hapa una maana kali kuliko ile ya macho. Glasi iliyosuuzwa katika ndoo ya sabuni bila kumalizwa kwa maji matupu, au iliyoshikwa kwa vidole vilivyotoka kwenye chipsi mayai, huua povu mara moja, kwa sababu mafuta na sabuni huvunja utando wa mapovu. Na mnywaji humlaumu mpishi wa bia kwa kosa la ndoo. Njia ya kuitambua ni nyepesi: mimina, kisha utazame pembeni mwa glasi, mapovu yakishikamana na kioo mahali pamoja kama punje za mchele, pale pana uchafu. Kunywa kwa mdomo wa chupa, desturi yetu kubwa, na kizibo kikirudishwa juu kuzuia nzi, kuna faida zake nyingi barazani, ila katika hukumu kunainyima pua haki yake, na pua ndiyo shahidi mkuu.

Joto, basi. Jokofu la baa, likiwa zima, huifikisha bia karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, na katika ubaridi huo ulimi hufa ganzi, harufu hukataa kutoka, na uchungu peke yake ndio usikiwao. Waonjaji wa mashindano huitaka pota iwe baina ya nyuzi 10 na 13. Lakini bia ya moto ya Temeke, ikifika nyuzi 28 au 30 mchana wa Februari, imepita mpaka kwa upande wa pili: gesi hukimbia, kilevi hupanda puani na kufunika kila kitu. Mzee wa Tandika amekosea kwa nyuzi nyingi, ila amekosea akiuelekea upande wa haki, kwa sababu katika bia yake ladha bado husikika, na katika ya jirani yake anywaye baridi husikika uchungu tu. Suluhu ni kuitoa chupa jokofuni, kuimimina, na kuiacha mezani robo saa hivi, huku mkipiga soga. Ni vigumu sana kwa mtu mwenye kiu.

Itazame kwanza, lakini usikawie. Inua glasi kuelekea taa. Pota njema, ionekanayo nyeusi mezani, huonyesha ukingoni wekundu wa kahawia kama maji ya ukwaju mzito, na povu lake ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, likaalo na kuacha alama glasini kila unaposhusha bia. Watu wengi huhukumu kwa weusi, wakidhani iliyo nyeusi zaidi ni kali zaidi. Sivyo hata kidogo: kimea cheusi kidogo sana hutosha kuipaka rangi bia nyepesi kabisa, na kilevi hutokana na wingi wa sukari iliyoliwa na hamira, si rangi.

Kisha inuse kabla hujaionja, mara fupi fupi, maana pua huchoka upesi na harufu ya kwanza ndiyo ya kweli kuliko zote. Hapa ndipo mtu wa mwambao asipohitaji kuazima msamiati. Vitabu vya waonjaji wa Marekani hutaja matunda ya mwituni na peremende ambazo sisi hatukukua nazo. Lakini katika pota yenye hopsi nyingi mtu wa Dar es Salaam atakuta kahawa chungu ya dele, ile imiminwayo katika vikombe vidogo jioni. Atakuta kashata iliyokaribia kuungua, sukari guru, tende, na ukoko wa mkate. Na juu ya hayo, kutoka kwenye hopsi, atakuta ganda la chungwa, ubani uliotiwa chetezoni, na ile harufu ya mbao za msonobari zipasuliwazo na mafundi samani wa Keko. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote. Mtu anaweza kuishi Keko miaka 20 akipita katikati ya vumbi la mbao bila kujua kwamba pua yake imepata mafunzo ambayo wengine huyalipia.

Sasa onja, kwa kiasi cha kujaza ulimi, uigeuze mdomoni, uimeze, kisha utoe pumzi puani huku mdomo umefungwa. Waonjaji wa bia, tofauti na wa divai, humeza, kwa kuwa sehemu kubwa ya hukumu ya uchungu huja baada ya kumeza. Anayetilia shaka nguvu ya pua na abane yake anapoonja: atapata tamu, chungu na chachu basi, na kila alichokiita kahawa au chungwa kitatoweka mpaka aiachilie.

Katika pota ya namna hii mna uchungu wa aina mbili, na hukumu yote imo katika kuzitenga. Uchungu wa kimea kilichokaangwa huja upesi, ni mkavu, na huondoka ukiacha majivu na kahawa. Uchungu wa hopsi huchelewa, hushika nyuma ya ulimi, hukua kwa kila funda, nao hukaa. Zikipatana, ule wa kwanza hufungua mlango na ule wa pili hukaribishwa ndani. Kati yao kukawa na utamu wa kimea wa kuzisuluhisha. Zikigombana, huzaliwa ukali unaokwaruza koo na ukakasi ushikao meno mithili ya ndizi mbichi, na hapo hakuna jina zuri wala picha ya simba kwenye lebo litakaloiokoa bia. Na mimi nasema wazi kwamba nyingi hugombana. Wapishi wa viwanda vidogo, kwa tamaa ya kuonekana mashujaa, humimina hopsi juu ya kimea kilichoungua kwa mkono usio na kipimo, wakidhani mnywaji atahesabu wingi kuwa ndio ustadi.

Kipimo kipo. Uchungu wa hopsi hupimwa maabara kwa vizio, na kizio kimoja ni sawa na takriban miligramu moja ya asidi ya uchungu katika lita moja ya bia. Chama cha Marekani cha waamuzi wa bia kiitwacho BJCP, kilichoanzishwa mwaka 1985, na ambacho kanuni zake zimeenea katika nchi nyingi, huipa pota ya Kiingereza vizio 18 hadi 35, na ya Kimarekani 25 hadi 50, pamoja na kilevi cha asilimia 4.8 hadi 6.5; bia nyeupe nyepesi ya Kimarekani, kwa mlinganisho, huishia 12. Lakini vizio havionyeshi kitu peke yake. Vizio 45 katika bia yenye kimea kingi vinaweza kusikika laini kuliko 30 katika bia nyembamba. Na stauti ya maziwa, nayo bia nyeusi, mfano wa Castle Milk Stout inayouzwa hapa na Tanzania Breweries, hustahimili uchungu wake kwa kuwa imetiwa sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila.

Kabla ya kuhukumu ustadi, hakimu mwadilifu hana budi kuuliza kama kasoro aionayo ni ya mpishi au ni ya njiani, na hili kwa jua la Dar es Salaam lina uzito mkubwa. Mwanga ukiipiga bia yenye hopsi, dakika chache hutosha kuzaa harufu mbaya ya mnyama aliyetishwa, au ya mpira ulioungua. Chupa ya kahawia huukinga mwanga mwingi, ya kijani hukinga kidogo, na ya kioo cheupe haikingi kitu. Kila ninapopita na kuona kreti zimepangwa juani mbele ya duka la jumla, saa 8 mchana, zikisubiri gari, moyo huniuma kwa ajili ya watu nisiowajua. Joto nalo huizeesha bia: nyeupe huanza kunuka boksi la karatasi lililolowa, ila nyeusi huficha uzee wake kwa muda, ikajifanya zabibu na tende; kinachotangulia kufa ndani yake ni ile harufu ya hopsi. Pota iliyokaa miezi mingi katika stoo ya mabati inaweza kuwa bado tamu kabisa, lakini haina haki tena ya kuitwa ya hopsi, na kosa si la mpishi. Harufu ya siagi, kwa upande mwingine, ni kosa la mpishi, kwa kuwa maana yake aghalabu ni hamira iliyonyimwa muda wa kumaliza kazi. Na uchachu wa siki ni uchafu wa mitambo, usiotafutiwa udhuru.

Jinsi alama zinavyogawanywa itaonekana vyema katika jambo lililotokea uani kwa rafiki yangu, Mtoni, siku ya Jumapili baada ya ndugu yake kutuletea chupa za pota kutoka safari. Waonjaji walikuwa wawili: mzee mstaafu wa bandarini, mnywaji wa Guinness ya moto tangu ujana wake, na mpwa wa mwenye nyumba, kijana mwenye kazi ya benki aliyesoma mambo haya kwa bidii. Alama, kwa kanuni za BJCP, ni 50, nazo ni 12 za harufu, 3 za sura, 20 za ladha, 5 za uzito mdomoni, na 10 za jumla. Kila mmoja aliandika peke yake bila kusemezana, kama kanuni itakavyo, na mkate mkavu na maji vilikuwapo vya kusafishia ulimi. Mishikaki ilifunikwa mbali, maana pilipili huharibu ushahidi.

Kijana alionja mara moja, chupa ingali na ukungu wa baridi. "Hii imetiwa ndimu, baba mkubwa," alisema, akaandika 27.

"Hamna ndimu humo, mwanangu. Iache kwanza," alijibu mzee, naye akaiacha, akaifunika glasi kwa kisahani, akaanza kuzungumza habari za meli za zamani mpaka sisi wengine tukakata tamaa. Alipoonja hatimaye, alitulia, akatoa pumzi puani, akaandika 38: harufu 9, sura 3, ladha 15, uzito 4, jumla 7. Ya kijana ilikuwa 5, 3, 11, 3 na 5.

Waamuzi wakiachana kwa zaidi ya alama 7 huombwa wazungumze, na hawa waliachana kwa 11, basi wakazungumza. Ikadhihirika kwamba ugomvi wao mwingi ulikaa katika harufu na ladha, na kwamba kila mmoja alikuwa ameonja bia yake. Kijana aliporudia ile iliyokwisha kutoka ubaridi, alikuta kahawa na tende chini ya kile alichokiita ndimu, akapandisha harufu hadi 8 na ladha hadi 13, akafikia 32. Lakini naye alimwonyesha mzee ukakasi mwishoni mwa funda, ambao mzee, kwa mazoea ya miaka mingi ya uchungu, alikuwa ameupita bila kuuona. Mzee akarudia, akakubali, akapunguza alama moja ya ladha na moja ya uzito, akashuka 36. Wastani ukawa 34, ambayo katika ngazi za chama kile ni bia nzuri sana, iliyokosa kidogo kuwa bora.

Fungu la jumla ndilo lililowashinda. Kijana alikataa kuziongeza zile 5 zake, akisema kwamba hiyo ni bia ya kuhukumiwa, haiwezi kunywewa chupa mbili. Na mzee, ambaye alikuwa amekwisha kuifungua ya pili, hakuona haja ya kumjibu.